Sikio Lililofundishwa na Jicho: Uchambuzi wa Kisa cha Mwanafunzi Mmoja wa Morse

Mwanafunzi ninayemzungumzia hapa alinijia mwezi wa Oktoba, akiwa amejifunza alama za Morse, yaani herufi zinazotumwa kwa sauti fupi (nukta) na ndefu (vistari), peke yake kwa miezi 14 na akiwa amekwama. Ni fundi umeme, mzaliwa wa Tanga, anayeishi Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani. Kwa kuwa nimemtangulia kwa umri na kwa miaka ya kushika redio, siku ya kwanza aliniamkia "Shikamoo, mwalimu", na tangu hapo hajaniita kwa jina jingine. Shida yake aliieleza kwa ufupi: mkono wake ulikuwa unatuma maneno 13 kwa dakika bila taabu, lakini kupokea kulifika maneno 7 kukagoma. Alikuwa ameshajihukumu kwamba sikio lake ni zito na kwamba alichelewa kuanza, kwa kuwa alishapita miaka 40.

Nakiandika kisa hiki kwa ruhusa yake, bila jina wala alama yake ya mwito, yaani jina la kituo chake hewani, kwa sababu kasoro aliyokuwa nayo nimeikuta kwa karibu kila mtu aliyeanza Morse kwa kutazama chati. Sikio lake halikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa katika njia aliyopitia, na njia hiyo ilimfanya apoteze pia zaidi ya mwaka mzima wa leseni ya redio ya ridhaa, kama nitakavyoeleza.

Kwanza nilitaka kumwona akifanya kazi. Nilimpa karatasi na kalamu, nikamtumia herufi 20 za kubahatisha kwa mwendo wa polepole aliouzoea. Midomo yake ilikuwa ikitikisika. Kila herufi ilipokwisha, alichora nukta na vistari kwenye pambizo ya karatasi, akavitazama kidogo, ndipo akaandika herufi yenyewe mahali pake. Nilipopiga H, ambayo ni nukta nne, alichora nukta nne na kuandika H. Nilipopiga tarakimu 5, ambayo ni nukta tano, alichora nne, akasita, akaongeza moja, akaifuta, kisha akaandika H tena. Katika herufi 20 alikosa 6, na zote 6 zilitoka katika ukoo mmoja: S, H na 5, ambazo ni nukta tupu, pamoja na V, 4 na 3, ambazo ni nukta kadhaa zinazomalizikia kwa kistari au vistari viwili. Hakukosa hata mara moja katika K, wala R, wala C, herufi ambazo nukta na vistari vyake vimechanganyika.

Makosa ya namna hiyo yana maana. Mtu aliyechoka hukosea popote, na mtu asiyejua herufi hukosea herufi asizozijua. Huyu alikuwa akikosa hesabu. Nilipomuuliza amejifunzaje, alinionyesha kwenye simu picha ya chati aliyoichora kwa mkono na kuibandika ukutani jikoni, herufi 26 na tarakimu 10, kila moja na nukta zake na vistari vyake, safi kama michoro yake ya nyaya. Aliikariri yote kwa siku 9 na kuona kwamba amemaliza sehemu ngumu.

Hapa ni lazima nieleze vipimo, maana bila vipimo hivyo mtu hawezi kuona ni kwa nini chati inamharibia msomaji wake. Katika Morse kila kitu hupimwa kwa urefu wa nukta moja. Kistari kina urefu wa nukta tatu. Kimya kati ya sehemu za herufi moja ni nukta moja, kati ya herufi na herufi ni nukta tatu, na kati ya neno na neno ni nukta saba. Kasi hupimwa kwa neno PARIS ambalo, pamoja na kimya kinacholifuata, hutimia vipimo 50. Kwa hesabu hiyo, mwendo wa maneno 5 kwa dakika huipa nukta milisekunde 240, yaani karibu robo ya sekunde, na herufi H peke yake huchukua sekunde 1.68. Huo ni muda wa kutosha mtu kuhesabu moja, mbili, tatu, nne, na kwa kuwa muda upo, mtu atahesabu hata akikatazwa. Mwendo ukifika maneno 20, nukta hushuka hadi milisekunde 60 na H nzima hupita kwa sekunde 0.42. Hapo hakuna wa kuhesabu. Ama umeitambua sauti ile kwa umbo lake, kama unavyotambua kikohozi cha mzee wako akiwa chumba cha pili, ama imekupita.

Mwanafunzi wangu alikuwa akisafiri vituo vitatu kwa kila herufi: sauti ikawa mchoro, mchoro ukatafutwa kwenye chati iliyo kichwani, na chati ikamrudishia herufi. Kwa maneno 5 safari hiyo ilitosha. Kwa maneno 7 ilikuwa ikikamilika herufi ya pili ikiwa imeshagonga mlango, na kwa maneno 9 yote yalivurugika. Miezi 6 ya mwisho aliitumia kuharakisha safari hiyo, jambo ambalo lina mpaka wake, badala ya kuiacha.

Kukwama kwenyewe si jambo geni katika ufundi huu. Mwaka 1897 na tena mwaka 1899, William Lowe Bryan na Noble Harter wa Chuo Kikuu cha Indiana walichapisha uchunguzi wao juu ya wapiga simu za maandishi, yaani telegrafu, na wakaonyesha kwamba mstari wa kutuma hupanda taratibu bila vikwazo vikubwa, ilhali mstari wa kupokea hupanda, ukalala kwa wiki nyingi kama uwanda, kisha ukapanda tena. Walieleza kwamba katika uwanda ule mtu yuko njiani kutoka kusikia herufi mojamoja kwenda kusikia maneno mazima. Ushauri unaotolewa kwa kawaida kutokana na hilo ni subira: endelea, itafunguka. Mimi ninaukubali ushauri huo kwa mtu anayesikia herufi kwa sikio, lakini kumpa mtu anayechora nukta pambizoni ni kumwacha asubiri basi mahali lisipopita. Uwanda wake ulitokana na njia iliyopinda, na ishara yake ni ile niliyoitaja: makosa yote ya ukoo mmoja.

Tofauti ya mkono wake na sikio lake nayo inaeleweka. Anayetuma anajua kabla ni herufi gani inakuja, kwa hiyo chati yake anaifungua mapema. Anayepokea hana fursa hiyo.

Nilimuuliza kama amewahi kujifunza mdundo wowote maishani. Alicheka, akasema kwamba utotoni, madrasa, alikuwa mpiga dufu katika maulidi. Nikamwomba anipigie kipande kwenye meza. Alikipiga kwa viganja bila kufikiri, mdundo mrefu wenye mapigo mazito na mepesi, akaurudia mara tatu bila kuukosea. Nikamuuliza una mapigo mangapi. Akanyamaza. Ilimbidi aupige tena, polepole, akihesabu kwa midomo ile ile iliyokuwa ikitikisika alipopokea Morse, na alipofika katikati akaukosea kwa mara ya kwanza.

"Nani alikuchorea mdundo huu?" nikamuuliza.

"Hakuna aliyechora, mwalimu. Ukikosea unapigwa kiwiko na aliyekaa karibu yako."

Kwa maoni yangu kazi ya uchunguzi iliishia hapo. Mtu mwenye kuubeba mdundo mrefu kama ule kwa miaka 30 bila kujua idadi ya mapigo yake hana sikio zito. Amejifunza Morse kwa kiungo kisichokuwa chake.

Tiba haikuwa ya kupendeza. Chati ilitolewa ukutani. Kuchora nukta kulikatazwa kabisa, na hata kutamka "nukta" na "kistari" tulikuacha. Tukatumia "ti" na "taa", ili herufi K iwe taa-ti-taa na U iwe ti-ti-taa, sauti juu ya sauti. Kisha tukaanza upya kwa njia iliyobuniwa na Mjerumani Ludwig Koch katika miaka ya 1930: unaanza na herufi mbili tu, lakini kwa mwendo kamili, na huongezi herufi ya tatu mpaka umepata walau asilimia 90 za hizo mbili. Mpangilio unaotumika zaidi katika programu za mazoezi za siku hizi huanza na K, M, U, R, E, S, N na A, nasi tukaufuata kwa maneno 20 kwa dakika.

Aliona ninamdhalilisha. "K na M nazijua tangu mwaka jana, mwalimu." Sikubishana naye. Nilimtumia herufi 10, K na M tupu, kwa mwendo ule. Alipata 6, na hiyo si mbali na matokeo ya mtu anayerusha sarafu. Baada ya hapo hakulalamika tena.

Jambo moja nililiongeza mwenyewe, na faida zake na hasara zake nitazieleza zote mbili. Mpangilio ule unakubaliana na Kiswahili kwa namna ya ajabu. Ukifika herufi ya tatu tu una neno kuku: taa-ti-taa, ti-ti-taa, taa-ti-taa, ti-ti-taa, mdundo ambao mtoto anaweza kuucheza. Una mkuu pia. Ukifika herufi ya tano una mke, una mume, na una umeme, neno ambalo fundi wangu alipolisikia likitoka kwenye hedifoni kwa mara ya kwanza, bila karatasi, alivua hedifoni na kunitazama kana kwamba nimemwita kwa jina. Ya sita inaleta sumu, ya saba inaleta nusu, na A inapoingia katika nafasi ya nane milango yote inafunguka: karamu, sukuma, mkeka, umesema. Aliyeishi miezi 14 akipokea herufi zisizo na maana alianza kupokea kitu.

Hasara ilijitokeza wiki ya tano. Nilipopiga u, m, e, mkono wake ulikuwa umeshalimaliza neno kabla yangu. Nilituma umesema, akaandika umeme na kukosa herufi nne zilizofuata akishangaa kwa nini nimeendelea kupiga. Kiswahili kinabashirika mno: karibu kila konsonanti hufuatwa na irabu, maneno karibu yote huishia na irabu, na viambishi vyetu hujirudia, hivyo sikio hupewa nusu ya neno bure na kulegea. Hewani hakuna hisani hiyo. Mazungumzo ya wanaredio wa ridhaa hujaa alama za mwito, ripoti za tarakimu na vifupisho kama QTH, yaani mahali nilipo, na QRS, yaani punguza mwendo; humo hakuna kinachokuambia kinachofuata. Kwa hiyo tulirudi katikati: nusu ya zoezi maneno ya Kiswahili, nusu makundi ya herufi tano tano yasiyo na maana yoyote. Ningeanza hivyo tangu siku ya kwanza kama ningekuwa mwangalifu zaidi.

Pengo kati ya mwendo wa herufi na kasi yake ya kupokea lilitibiwa kwa utaratibu unaoitwa kwa jina la Farnsworth: herufi zenyewe zinabaki kwenye maneno 20, lakini kimya kati yake kinanyooshwa hadi mwendo wa jumla ushuke kufikia maneno 6 au 7, kisha kimya hicho kinapunguzwa kidogo kidogo. Mwanafunzi anapata nafasi ya kuandika bila kupata nafasi ya kuhesabu. Vipindi vilikuwa vya dakika 15, asubuhi kabla ya kazi na jioni, na marufuku kuzidisha. Alipopata kazi za ziada na kurudi nyumbani hoi, midomo ilianza tena kutikisika. Siku hizo nilimwambia alale.

Herufi H iliingia katikati ya Desemba, na 5 ikawa imetangulia kabla yake. Ukoo ule uliomtesa alikutana nao mmoja mmoja, kila mmoja ukiwa sauti nzima, na tofauti ya H na 5 ikawa kwake ni tofauti ya urefu wa mkoromo, si ya idadi. Hayo ni maneno yake mwenyewe.

Sasa nirudi kwenye leseni. Wiki ya tatu ya mafunzo, nilipomuuliza alama yake ya mwito, alinijibu kwamba hana, na kwamba anasubiri Morse yake itengemae ndipo akafanye mtihani. Alikuwa na kitabu cha zamani alichokinunua kwa bei ya mtumba, kilichosema kwamba mwombaji sharti apokee maneno 5 kwa dakika. Kitabu hakikudanganya kwa wakati wake. Kwa miaka mingi Marekani ilidai maneno 5 kwa ngazi ya chini, 13 kwa ngazi ya General na 20 kwa ngazi ya Extra. Mwaka 1991 leseni ya Technician, ambayo leo ndiyo ngazi ya kuanzia, iliruhusiwa bila Morse. Tarehe 15 Aprili 2000 ngazi zote zilizobaki na sharti hilo zikashushwa hadi maneno 5. Mkutano wa dunia wa mawasiliano ya redio uliofanyika Geneva mwaka 2003 uliondoa wajibu huo katika kanuni za kimataifa na kuiachia kila nchi iamue, na Marekani ikaufuta kabisa kuanzia tarehe 23 Februari 2007. Ndugu yangu alikuwa amejizuia kwa sharti lililokufa miaka mingi kabla hajalisoma.

Sehemu ya lawama hapo ni yangu, kwa sababu swali hilo lilikuwa la siku ya kwanza.

Mtihani wa Technician ni maswali 35 ya kuchagua, na anayepata 26 amefaulu. Maswali hutolewa katika hazina ya wazi yenye maswali zaidi ya 400, ambayo yeyote anaweza kuisoma pamoja na majibu yake, na hazina hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka minne. Uraia hauulizwi, asiyeruhusiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni, na mwombaji anatakiwa awe na anwani ya posta nchini Marekani. Hujisajili kwanza katika mfumo wa FCC, mamlaka ya mawasiliano ya nchi hiyo, na kupata namba. Kisha huenda mbele ya wasimamizi wa kujitolea wasiopungua watatu, ambao mara nyingi hukutana maktaba au katika ukumbi wa kanisa. Aliye Tanzania au Kenya afuate masharti ya TCRA au ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa kuwa kila nchi ina utaratibu wake.

Alikwenda Novemba na kupata 24. Maswali ya umeme aliyapata yote. Aliyapuuza maswali ya sheria kwa kudhani kwamba mtu mwenye busara atayajibu bila kusoma, na sheria za redio hazijibiki kwa busara. Hakuna busara itakayomwambia mtu kwamba kituo hujitambulisha kila baada ya dakika 10 na mwishoni mwa mazungumzo, au kwamba anaweza kuzungumza Kiswahili hewani lakini akitaja alama yake ya mwito kwa sauti aitaje kwa Kiingereza. Desemba alirudi akapata 31. FCC ikamtumia barua pepe ya kulipa dola 35, akalipa siku hiyo hiyo, na baada ya siku chache alama yake ya mwito ilionekana katika orodha yao, halali kwa miaka 10.

Wengi wanaopata leseni hiyo hukosa kuona jambo moja ambalo kwa kisa hiki lilikuwa kiini cha yote. Technician hupewa masafa ya juu kwa ukarimu, lakini katika masafa mafupi, yale yanayovuka bahari, haruhusiwi kusema kwa sauti isipokuwa kipande kimoja cha mkanda wa mita 10, yaani fungu la masafa ambalo mawimbi yake yana urefu wa karibu mita 10. Katika mkanda wa mita 80, wa mita 40 na wa mita 15 ana vipande vyake pia, kwa nguvu isiyozidi wati 200, na humo anaruhusiwa Morse peke yake. Sheria haikumdai tena Morse ili apate leseni. Lakini fundi wa Tanga anayetaka kusikika kilomita zaidi ya 13,000 kutoka Minneapolis, akiwa na leseni ya ngazi ya chini, bila Morse angekuwa na njia nyembamba sana. Miezi yake 14 haikupotea yote, ila aliiweka mbele ya mlango uliokuwa wazi.

Antena aliifunga mwenyewe kabla hata ya mtihani wa pili, maana kusikiliza hakuhitaji leseni. Ni waya wa shaba uliokatwa katikati, kila upande karibu mita 10, ukaning'inizwa kati ya paa na mti uliokuwa umebeba theluji. Urefu huo ni nusu ya wimbi la mita 40, na kwa bahati njema ya hesabu hufanya kazi pia kwenye mita 15, kwa kuwa masafa ya mkanda huo ni karibu mara tatu ya yale ya kwanza. Waya mmoja ukampa mikanda miwili aliyoruhusiwa. Redio ni ya mkono wa pili, ya wati 100.

Mazungumzo yake ya kwanza yalikuwa jioni ya Februari, kwenye mita 40, nami nikiwa nimekaa pembeni yake nikiwa nimekatazwa kusaidia. Alipiga CQ mara tatu, yaani wito kwa yeyote anayesikia, na alama yake ya mwito mara mbili. Akajibiwa papo hapo, na akapotea papo hapo. Mkono wake ulikuwa umepiga maneno 13, na adabu ya hewani ni kumjibu mtu kwa mwendo aliouita nao. Aliyejibu, mtu wa Iowa, alimrudishia maneno 13 yale yale, ilhali sikio lake lilikuwa bado kwenye 10. Nilikuwa nimemtazama akituma kwa kasi hiyo kwa miezi minne bila kumwambia kwamba mkono usilitangulie sikio, na kosa hilo naliandika hapa kama langu. Alinitazama, nikatazama dirisha. Hatimaye akapiga QRS PSE, akiomba mwendo upungue, na yule wa Iowa akapunguza hadi maneno 8 bila kuulizwa mara ya pili. Aliandika ripoti yake, 579, tarakimu zinazoeleza jinsi anavyosikika, akaandika jina, akaandika mji. Alipojibu, vidole vilikuwa vikitetemeka kiasi kwamba 73 yake, salamu ya kuagana, ilitoka na nukta moja ya ziada, na akasahau kabisa kupiga alama ya kufunga mazungumzo. Shati lake lilikuwa limelowa jasho ilhali nje barafu ilikuwa imeganda.

Karatasi ya siku hiyo ninayo. Hakuna nukta hata moja pambizoni.

Baadaye aliniuliza ni lini atasikia nyumbani. Nilimweleza kwamba Tanzania Bara husikika zaidi kwa alama za mwito zinazoanza na 5H3, na kwamba Zanzibar ni 5H1. Akaandika 5H3 kwenye kiganja kwa kalamu ya kazi, akaitazama, kisha akaanza kucheka peke yake, kwa sababu aliona nilichokiona tangu siku ya kwanza lakini sikukitaja: nukta tano, nukta nne, kisha nukta tatu na vistari viwili. Nchi yake ilikuwa imepewa alama iliyotengenezwa kwa ukoo ule ule uliomkwamisha.

Mwishoni mwa Machi, Jumamosi, saa nne asubuhi kwa saa za Minneapolis, Tanga ikiwa ni saa kumi na mbili jioni, alikuwa akizungusha kitufe polepole kwenye mita 15. Alinipigia simu baada ya nusu saa. Aliniamkia, kisha akasema ameisikia, dhaifu, ikizama na kuibuka, katikati ya kundi kubwa la vituo vya Ulaya vilivyokuwa vikiigombania. Nilimuuliza kama alihesabu nukta.

"Nihesabu nini, mwalimu?"

Aliita mara nne kwa wati 100 na hakusikika. Katika daftari lake mstari wa siku hiyo upo: tarehe, saa, masafa, alama ya mwito kamili, na ripoti ambayo angeitoa, 449. Safu ya ripoti iliyopokelewa ameiacha wazi.